Viraka Vitano vya Buluu

Aliyefumua shuka la viraka la marehemu mama yangu ni mimi, binti yake wa pekee. Si Atupele. Naliandika hili mwanzoni kabisa, kabla sijapoteza ujasiri, kwa sababu kwa zaidi ya miaka hamsini familia yetu imekuwa ikisema lingine, na majuma matatu yaliyopita mimi mwenyewe niliandika hilo lingine kwa mkono wangu na kulitia sahihi.

Shuka lenyewe limeletwa nyumbani kwangu, hapa Kyela mjini, ndani ya sanduku la bati. Nilipoinua kifuniko, harufu ya mchaichai mkavu ilinipiga usoni. Mama alikuwa akitandika majani hayo chini ya nguo zake ili wadudu wasizile, na harufu yake ndiyo iliyokuwa harufu ya chumba chake, ya khanga zake, ya mapaja yake niliyokuwa nikilalia. Nilifunga sanduku upesi, kama mtu aliyekosea chumba. Kisha nikachukua karatasi.

Tulikuwa tukiishi Ipyana. Baba alikuwa baharia katika meli iliyoondoka Itungi na kuteremka pwani yote hadi Mbamba Bay, na safari nyingine ikavuka mpaka Nkhata Bay. Wenzake walirudi na samaki wakavu na sukari. Baba alirudi na matambara. Shangazi, dada yake, aliyekaa nyumba ya pili na kufika kwetu kila jambo lilipotokea, hakuchoka kumcheka. "Kaka yangu huyu! Azunguke ziwa zima kutafuta matambara, kana kwamba hapa kwetu yamepungua!"

Baba aliyaleta kwa sababu mama aliyataka hivyo. Kitambaa cha dukani hakukipokea. "Kipya hakijakaa na mtu," alikuwa akisema. "Kitaniambia nini?" Basi baba alimletea mfuko wa unga kutoka Lupingu, maandishi yake yamefifia hata hayasomeki. Alimletea kona ya pazia la njano aliyopewa na mama mmoja wa Liuli kwa kumbebea mzigo, na kitenge cha Nkhata Bay kilichofuliwa mpaka maua yake yakawa kama madoa ya chai. Safari aliyokosa kabisa, alikata kipande cha ovaroli yake ya buluu ya kazini, na mama alikipokea kwa mikono miwili kama vile vingine.

Mama hakushona zaidi ya kiraka kimoja kwa safari moja. Alikilaza kwanza juu ya shuka bila kukishona, akakiacha hapo siku nne, pengine juma zima, akipita na kukitazama huku anapika au anapepeta mchele. Uzi aliuchomoa katika mishono ya magunia, akaupitisha katika nta, na kazi ya kuutunga kwenye sindano ilikuwa yangu, kwa kuwa macho yangu yalikuwa mapya. Kisha aliketi mlangoni penye mwanga na kushona, mishono midogo iliyofuatana bila papara.

Alikuwa ameanzia katikati, kwa mfuko wa shati alilovaa baba siku ya ndoa yao, akaendelea kwa kuzunguka kuelekea nje, kama asukaye ungo. Kila alipomaliza kiraka, aliweka kidole juu ya mfuko ule na kukifuata kiraka baada ya kiraka, akizunguka, midomo ikimchezacheza, mpaka akafikia kipya. Nilidhani anahesabu. Mama hakujua kusoma wala kuandika, nami niliyekuwa darasa la nne nilimhurumia kwa hesabu hiyo isiyokwisha.

Nilikuwa kiranja, na nilikuwa mtoto anayependa mambo yanyooke. Mwalimu wetu wa kazi za mikono alitufundisha kwamba rangi hupangwa: nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe. Kisichopangwa, alisema, ni fujo. Nilirudi nyumbani, nikalitazama shuka la mama lililofunika kitanda, pazia la njano limekaa na ovaroli, mfuko wa unga umekaa na kitenge, na kwa mara ya kwanza nikaona aibu kwa niaba yake.

Mwaka huo dada yake mama, aliyeolewa Ikombe, aliugua, na mama akaenda kumuuguza. Alikaa huko siku kumi. Nyumbani tuliachwa mimi, mdogo wangu Lusekelo aliyekuwa bado ananyonya kidole, na Atupele. Atupele alikuwa binti wa huyo aliyeugua. Aliletwa kwetu ili asome, alikuwa darasa la saba, na mtihani wake ulikuwa karibu, ndiyo maana hakwenda kwa mama yake. Nilimwita dada Atu. Ndiye aliyenifundisha kushika sindano.

Siku ya pili baada ya mama kuondoka, nilichukua wembe nikaanza kufumua.

Nimefanya kazi ya masijala maisha yangu yote ya utumishi, na ninajua nisemapo kwamba hakuna kitendo cha uharibifu nilichowahi kukiona ofisini kilichofanywa kwa moyo mweupe kama kile. Niliimba. Vipande vilipokuwa vimeachana vyote, nilivifua kwa sabuni ya mche, nikavianika kwenye ua, nikavikusanya kwa rangi zao. Dada Atu alikuwa nje, anafukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa huku daftari liko magotini. Alikuja kunywa maji, akasimama.

"Gwe! Unafanya nini?"

"Nalipanga. Mama atafurahi."

"Acha, mdogo wangu. Acha sasa hivi. Mama mdogo anajua kwa nini kila kimoja amekiweka pale."

"Ilikuwa fujo. Mwalimu amesema."

"Mwalimu wako amezaliwa juzi." Aliokota kipande kimoja cha buluu, akakigeuza, akakirudisha polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Haya, Bibi Kiranja. Utamjibu mwenyewe." Kuku walikuwa wamerudi kwenye mpunga, akatoka mbio.

Nilimaliza jioni ya siku ya tisa. Safu zilinyooka. Vyekundu vilipakana na vyeupe, na chini kabisa nilipanga viraka vitano vya buluu, mstari mmoja, kama pindo.

Mama alirudi akiwa amebeba chungu kipya cha Ikombe kichwani. Dada yake alikuwa amepata nafuu, na sauti yake ilikuwa ya furaha alipotusalimu, "Mugonile, wanangu!" Nilijificha nyuma ya mlango wa chumbani ili nione raha yake. Alitua chungu, akaingia, akaona.

Alikaribia kitanda na kuweka kidole katikati, palipokuwa na mfuko wa shati, na mfuko haukuwepo. Kidole kilisogea kidogo kulia, kikarudi, kikasimama. Sijapata tena kuona mkono wa mtu mzima ukipotea hivyo. Kisha alipiga magoti kwenye ncha ya shuka, akainua viraka vya buluu mpaka puani, akanusa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alivinusa vyote vitano, akarudia. Vyote vilinukia sabuni.

"Kipi?" alisema. "Ni kipi?"

Furaha yangu iliniganda mwilini. Sikuelewa anauliza nini, lakini nilielewa kwamba nimefanya jambo lisilo na jina.

Shangazi alifika, kama kawaida yake. Alilitazama shuka, akamtazama mama aliyekuwa bado magotini, akatoa hukumu akiwa amesimama mlangoni. "Nani katika nyumba hii ana mkono wa kushona hivi? Mtoto wa darasa la nne ataweza mshono ulionyooka namna hii? Ni huyu mgeni wenu!"

Nalazimika kuandika kilichonipata niliposikia maneno hayo, kwa kuwa kumbukumbu isiyo kamili ni uongo. Nilijivuna. Katikati ya hofu ile, nilisikia mshono wangu unasifiwa.

Atupele aliitwa. Hakuulizwa kama ni yeye. Aliulizwa kwa nini. Alinitazama mimi, akatazama chini, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Baba alikuwa safarini, mama hakuwa na sauti, na shangazi ndiye aliyekata shauri: msichana arudi kwao kabla hajamaliza nyumba. Siku ya tatu alisindikizwa hadi Matema na kupandishwa mtumbwi wa Ikombe, vitabu vyake vimefungwa ndani ya khanga. Mtihani wa darasa la saba hakuufanya. Alijifunza kufinyanga vyungu kwa mama yake, na anafinyanga hadi leo.

Mama hakuniuliza lolote. Ila tangu siku ile hakuniita tena kumtungia uzi. Alihangaika mwenyewe mlangoni, sindano juu, jicho moja limefumbwa. Alifumua viraka vyangu vyote, na kwa miaka mingi alikuwa akivirudisha mduara, polepole, akikosea na kufumua tena. Vitano vya buluu aliviweka katikati, kuuzunguka mfuko wa shati. Nilipokuwa mtu mzima nilisema mara kadhaa mbele za watu kwamba mama anapenda rangi ya buluu.

Nami nikawa mtunza kumbukumbu. Naomba msomaji aone jinsi jambo hili linavyotisha. Niliwafundisha vijana wengi kwamba karatasi ndani ya jalada haihamishwi kutoka mahali pake, kwa sababu iko karatasi ambayo mahali pake ndilo jina lake. Ukiitoa hapo, haitajulikana tena ni ya nani. Niliyasema hayo kwa ukali, nikawaandikia barua za kujieleza waliokiuka, na hata siku moja sikujiuliza nimejifunzia wapi.

Mama amefariki mwaka huu, akiwa na umri mkubwa. Baada ya matanga kulikuwa na kikao cha familia, Lusekelo akiwa mwenyekiti na mimi katibu. Sanduku la bati lilifunguliwa. Atupele, ambaye alikuwa amekuja na chungu cha kupikia msibani, alijisogeza kwenye mkeka na kuomba alishike shuka kidogo tu.

"Dada Atu," Lusekelo alisema, "mikono yako tunaifahamu. Ilishapita hapo."

Watu walicheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka hadithi ya zamani ya nyumbani. Atupele aliirudisha mikono yake, iliyopasukapasuka kwa udongo, akaificha ndani ya khanga. "Ndaga," alishukuru, kana kwamba amepewa kitu.

Nami niliandika: "Shuka la marehemu litunzwe na Katibu. Ndugu Atupele asihusike nalo, kutokana na uharibifu alioufanya zamani." Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti. Niliuliza kama kuna marekebisho.

Kesho yake nilimsindikiza hadi Matema kwa gari. Ufukweni, tukingoja mtumbwi upakiwe, aliniuliza bila kunitazama, "Vya buluu umeviona? Amevileta katikati."

"Alipenda buluu," nilisema.

Ndipo aliponitazama. "Kimoja kilikuwa cha kaka yenu."

Nilimwambia sina kaka, nina mdogo tu, Lusekelo. Alinieleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto. Kabla yangu alizaliwa mtoto wa kiume, akaishi siku chache. Alizaliwa nguo hazijatayarishwa, baba akachana ovaroli yake ya kazini wakamfunga kwayo. Mama alibakiza kipande kimoja. Alikishona kati ya mfuko wa unga wa Lupingu na pazia la Liuli, na mahali hapo ndipo kidole chake kilipokuwa kikisimama kila alipolizunguka shuka. Hakuwahi kumtaja mtoto yule kwa kinywa ila kwa dada yake. Vinginevyo alikuwa pale tu, kati ya Lupingu na Liuli.

Nilishika ukingo wa mtumbwi. "Ulijua haya siku ile? Ulijua, na ukaacha wakufukuze? Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Ulikuwa mdogo," alisema. "Nilijua utasema kesho yake."

Mwenye mtumbwi aliita, "Bibi, maji yanachafuka, tuondoke!" Atupele alipandisha khanga, akaingia majini hadi magotini, akajivuta ndani. Alipokwisha kukaa alisema, "Basi nikangoja," na kasia likaanza.

Wa kunikaripia wote wamekufa. Kwa hiyo, kwa maandishi haya, ninadai yafuatayo kwa mwenyekiti na wanafamilia wote. Ninadai kikao kiitishwe upya, na sentensi niliyoinukuu hapo juu ifutwe mbele ya wale wale walioisikia na kucheka. Ninadai ielezwe wazi kwamba msichana alihukumiwa bila kusikilizwa, na kwamba ukimya wangu ndio uliokuwa ushahidi pekee dhidi yake. Ninadai shuka likabidhiwe kwa Atupele, kwa kuwa ndiye peke yake kati yetu aliyejua lilichokuwa likisema, naye aamue litakaa kwa nani.

Kikao kifanyike Ikombe, uani kwake. Sisi ndio tupande mtumbwi. Mtu wa kwanza kuulizwa niwe mimi, nami nitajibu nikiwa nimesimama. Katibu wa siku hiyo achaguliwe mwingine.