Fundi wa Irbid anayetibu injini asizozisikia

Saa mbili na robo asubuhi, Tayseer Shatnawi ameinama chini ya boneti ya gari dogo la Kikorea la mwaka 2007. Injini inanguruma, lakini yeye haisikii. Kiganja cha kushoto amekilaza juu ya kifuniko cha injini, na macho yake hayabanduki kwenye mita ndogo ya manjano ya kupimia umeme aliyoiegemeza kwenye kioo cha mbele.

"Bado inasoma tano," anasema, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Kwenye kiti cha mbele amekaa Intisar Obeidat, mwenye umri wa miaka 61, shali ya sufu mabegani. Hawezi kusimama muda mrefu. Mumewe, Rasmi, dereva mstaafu wa basi la shule, analizunguka gari kama mtu aliyepoteza funguo.

"Tulia, Hajji," Tayseer anamwambia. "Ukilizunguka hivyo litaona haya, halitazimika."

Maana asubuhi hii, katika eneo la mafundi la Irbid, kaskazini mwa Jordan, watu watatu wanaomba gari lizimike.

Kwa wiki tano limekuwa likizimika barabarani. Intisar, ambaye figo zake zimefeli, husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na kutoka kijijini kwao hadi hospitali ni mwendo wa dakika arobaini zenye mpando mkali. Juma lililopita lilikufa katikati ya mpando huo. Walipofika hospitali, zamu yake ilikuwa imeshapita.

"Nilikaa siku mbili zaidi na maji mwilini," anasema Intisar. "Miguu ilivimba hata viatu vya mume wangu havikunitosha. Sikulia mbele yake, maana yeye anajiona ndiye mwenye kosa."

Gari limepita gereji nne na kubadilishwa sensa tatu, vile vijidude vinavyoipa kompyuta ya injini habari za joto, hewa na mafuta. Fundi wa mwisho alimshauri Rasmi aliuze kama chuma chakavu. Leo Intisar anatakiwa kuwa kitandani hospitalini saa sita kamili.

Tayseer, mwenye umri wa miaka 47, alikuwa fundi wa injini tangu ujana wake. Alisifika kwa sikio lake. Alikuwa anaweza kusimama mlangoni, akasikiliza, akasema ni valvu ipi inayogonga.

Alipofika miaka 22, homa ya uti wa mgongo ilimlaza siku kumi na saba. Alipoamka, mama yake alikuwa akisogeza midomo bila sauti.

"Nilidhani ananitania," anasema. "Nikamwambia, mama, ongea basi. Akaanza kulia. Kulia kwake pia sikukusikia."

Gereji aliyokuwa akifanyia kazi ilimwondoa. Kwa mwaka mzima alikaa nyumbani akichambua dengu na mama yake, akijifunza kusoma midomo yake.

Aliyemtoa ndani ni Nart, fundi mzee wa umeme wa magari, Mcherkesi, wa jamii iliyohamia Jordan kutoka milima ya Kaukasi, ambaye sasa ni marehemu. Alifika nyumbani na mita mkononi, akaiweka mezani katikati ya dengu, akaandika kwenye karatasi: *Hii haina sauti. Inasomwa kwa macho. Unakuja au huji?*

"Sikumuuliza hata mshahara," anasema Tayseer. "Nilitafuta viatu vyangu tu."

Leo ana gereji yake yenye nafasi ya magari mawili. Simu za wateja hupokelewa nyumbani na mkewe, Maysoun, ambaye humwandikia ujumbe: jina, gari, ugonjwa. Kuhusu gari la Rasmi, aliandika neno moja zaidi: *Haraka.*

Mashine ya kusoma hitilafu imeonyesha kwamba sensa nne zina kasoro kwa wakati mmoja. Gereji zilizotangulia ziliamini mashine, zikabadilisha sensa moja baada ya nyingine. Tayseer hakuamini.

"Watu wanne wa nyumba moja wakizimikiwa taa saa ileile, huendi kununua taa nne," anasema. "Unauliza umeme unaingilia wapi."

Sensa hizo hulishwa na kompyuta kwa njia moja, volti tano. Ikishuka, zote hudanganya, na injini huzima. Tatizo ni kwamba mita yake inasoma tano na haitaki kushuka.

Anamgeukia Intisar, si Rasmi. "Hajjat, wewe ndiye unayekaa humo bila kushika usukani. Kabla halijazimika, huwa kunatokea nini?"

"Mwanamke atajua nini kuhusu injini?" Rasmi anaguna.

"Wewe umeendesha wiki tano, umejua nini?" mkewe anamjibu. Kisha anamtazama Tayseer usoni, anasema taratibu ili midomo yake isomeke. "Kuna feni mbele. Inaanza kuvuma. Ikivuma tu, nahesabu mpaka tatu, gari linakufa."

Tayseer anaacha kufuta mikono. Feni ya rejeta ndicho kitu ambacho asingekisikia kamwe.

"Hiyo feni mimi siisikii," anamwambia. "Ukiisikia, utanigusa?"

Anamfungulia mlango, anamletea kiti karibu na boneti, anakifunika kwa koti lake safi. Intisar anakaa, mkono wake umetua begani kwa fundi. Wanasubiri injini ipate moto. Rasmi anaacha kuzunguka.

Zinapita dakika kumi na moja. Vidole vya Intisar vinabana bega.

Kwenye mita, tano inakuwa moja nukta nane. Injini inakohoa, inazima.

"Asante, Hajjat," anasema Tayseer, bila kugeuka.

Swichi anaiacha imewashwa, na feni inaendelea kuvuma. Anachomoa plagi za sensa moja moja huku akitazama namba. Ya kwanza, moja nukta nane. Ya pili, vilevile. Anafika mbele kabisa, kwenye sensa ya gesi ya kiyoyozi, ambacho Rasmi hajakiwasha kwa miaka mitatu. Anaichomoa.

Tano.

Anaufuata kwa kidole waya mfupi wa upande wa sensa, kutoka kwenye plagi hadi karibu na feni. Ngozi ya waya imelika. Kila feni inapoutikisa, shaba iliyo wazi inagusa chuma na kuivuta chini volti ya sensa zote.

Anaukata, anauunga, anaufunga mbali na chuma. Saa nne na nusu wanaingia garini wote watatu na kuupanda mlima wa jirani mara mbili. Feni inavuma. Intisar anahesabu mpaka tatu, kisha anaendelea mpaka ishirini.

Mumewe anaegesha kando. Anaweka paji la uso kwenye usukani kwa muda, kisha anamwambia mkewe, "Samahani kwa ile miguu."

"Endesha, mzee," anasema yeye. "Tutachelewa."

Saa sita kasoro robo, Maysoun anatuma ujumbe: wamefika.

Tayseer ana mpango. Chumba cha juu ya gereji amekipaka rangi na kuweka meza mbili. Anataka kuwafundisha umeme wa magari watu wasiosikia.

"Mimi nilikutana na Nart kwa bahati," anasema. "Sitaki mwingine asubiri mwaka mzima."

Mwanafunzi wa kwanza ni Rudaina, mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 34, asiyesikia tangu kuzaliwa, anayeshona viti vya magari mtaa wa pili. Alhamisi alipanda kukiona chumba, akiwa na mita yake mwenyewe kwenye mkoba. Aliichomeka kwenye betri iliyokuwa mezani kabla ya kuonyeshwa chochote, akaandika kwenye daftari: *Volti kumi na mbili nukta sita. Nianze lini?*

Tayseer alichukua kalamu, akaandika chini yake: *Umeshaanza.*