Sehemu Asiyoigusa Taratibu

Tunamwita Taratibu, na kwa kompyuta hana mpinzani. Akikuwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, anafuta mfumo wote wa zamani, lakini sehemu ya home, yenye faili na mipangilio ya mwenye mashine, haigusi ng'o. "Nyumba inapakwa rangi," husema, "masanduku ya watu hayafunguliwi." Mimi ninayetengeneza redio meza ya pili katika karakana yetu nilishamwambia mpaka nikachoka: mazoea yana taabu.

Asubuhi moja mjane mmoja alileta kompyuta ya marehemu mumewe. "Baba, futa kila kitu," alisema. "Nimechoka kuulizwa." Taratibu akaitikia bila kumsikiliza, kisha mikono yake ikafanya ilichozoea: mfumo mpya, jina lile lile la mtumiaji, home ile ile.

Kesho yake mama yule alikuja kuichukua. Mashine ilipowaka, picha ya marehemu akicheka ikajaa kioo. Ilipotimu saa nne kamili, kengele ndogo ikalia na maandishi yakajitokeza: "Mke wangu, umekunywa dawa?"

Taratibu akarukia kuizima, lakini mama akamshika mkono.

"Bado, mume wangu," akaijibu kompyuta, kichwa chini kama mtoto aliyefumaniwa. "Tangu tukuzike sijazinywa."

Akafungua mkoba, akatoa vidonge viwili. Maandishi yalisubiri. Alipomeza cha pili yakatoweka, na hakuna aliyekuwa amegusa kitufe.