Mguu wa Kushoto wa Muzee Wenceslas

Mimi Mukamugema si mtu wa subira, na majirani zangu wa Mabanga, hapa Goma, watakuambia hivyo kabla hujawauliza. Nauza kabichi, karoti na vitunguu vya majani. Siku za soko navifuata Kibumba alfajiri, na kabichi ikishakatwa haimngoji mtu. Ndiyo maana kwa miaka yote hii nimepanda gari la Muzee Wenceslas tu, jirani yangu wa ukuta mmoja. Madereva wengine hupiga porojo njiani na kumsimamishia gari kila anayeinua mkono. Wenceslas akisema alfajiri, alfajiri hiyohiyo utasikia honi mlangoni, fupi, moja tu, asije akawaamsha watoto wa jirani.

Ni mtu wa Butembo. Aliteremka Goma akiwa kijana, akaendesha malori ya wafanyabiashara mpaka mgongo ukamchoka, kisha akanunua kipikapu cheupe chenye bodi ya nyuma ya kutosha magunia yangu. Anakipenda hadi inachekesha. Kikitoa mlio wowote mgeni, hata wa kokoto iliyonasa kwenye tairi, alikuwa akikipeleka mbio kwa Anastase, fundi wetu wa mwisho wa barabara. Miaka kadhaa iliyopita moteri ya kwanza, yaani injini, ilikufa, na Anastase alipoifungua alisema ni vumbi lililoila. Wenceslas aliomboleza wiki nzima kama aliyefiwa, akaweka nyingine.

Vumbi letu la Goma wenyewe tunalijua. Ni jeusi, linatoka kwenye mawe ya volkano yanayosagwa na magurudumu mchana kutwa, na linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Kasoki, mke wa Wenceslas, ni mshonaji, naye amelitangazia vita kwa vitambaa. Ukiingia kwao utakuta televisheni imevikwa kitambaa, pipa la maji limevikwa, cherehani imevikwa, na hata sanamu ya Bikira Maria ina kishela chake kinachofunuliwa saa ya sala. Vyote vimepigwa pindo na kutiwa mpira, kazi safi kabisa.

"Siku moja utanivalisha na miye juu ya kuogopa vumbi," Wenceslas humwambia.

"Weye nilichelewa," Kasoki humjibu. "Vumbi ilishaingia."

Basi kiangazi hiki kipikapu kikaanza vituko. Kikiwa mwendoni kinakwenda vizuri tu. Lakini Wenceslas akipunguza mwendo, kwenye tuta au kwenye mzunguko wa barabara, sauti ya moteri inashuka, inashuka, bodi inatetemeka, halafu kimya. Anawasha tena, tunaondoka, na tukisimama mbele kidogo kinazima tena. Mwanzoni nilicheka. Siku kilipozima kwenye barriere ya Kibati, kile kizuizi cha barabarani, malori nyuma yetu yakipiga honi na kabichi zangu zikinyauka juani, sikucheka.

"Muzee, peleka hii kitu kwa Anastase!"

"Gari iko muzuri," akasema, macho mbele.

"Iko muzuri na iko inazima?"

Akawasha tena, tukaondoka. Nilimwomba tena juma lililofuata, na lililofuata, na kila mara jibu lilikuwa hilo. Mtu aliyekuwa akikimbilia fundi kwa ajili ya kokoto sasa anapita mbele ya gereji ya Anastase akiangalia upande mwingine! Nikaanza kudhani wamegombana.

Kisha Kasoki akaniita dukani kwake, pale kwenye cherehani, akaniambia huku machozi yanamdondoka juu ya blauzi ya mteja. Mumewe alikuwa amemwagiza mtoto wao Luc, aliyeko Butembo, amtafutie mnunuzi wa gari. Mnunuzi alikwisha patikana na angekuja Jumamosi.

"Namuuliza juu ya nini anaiuza, anasema amechoka tu," Kasoki akasema. "Anarudia kwenye nyumba, anakaa kwenye kiti, hasemi. Mukamugema, ile gari ndiyo inamuamshaka asubuhi. Akiiuza, ataamuka juu ya nini?"

Niliivuta ile blauzi ya mteja isizidi kulowa. Nami pia nilikuwa nimeumia, na si kwa sababu ya kabichi.

Ijumaa tulikuwa tunarudi kutoka Kibumba, mzigo umejaa. Tulipofika Kibati alipunguza mwendo ili mbuzi wapite, na kipikapu kikazima. Safari hii niliteremka. Nikashika kiuno, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyameza tangu kiangazi kianze: kwamba ni mbishi, kwamba anamliza mke wake bure, kwamba anauza gari zima kwa uvivu wa kwenda kwa fundi. Aliniacha nikamaliza. Halafu akafungua mlango, akageuka na kukaa miguu nje, akavua kiatu cha kushoto.

"Haiko gari, mama. Iko mguu."

Nikautazama. Ulikuwa mguu kama miguu mingine ya wazee.

"Uko na habari niko na sukari," akasema. Nilijua, mtaa mzima ulijua. Kasoki alikwisha mnyang'anya hata soda mkononi mbele za watu. "Munganga wa hopitali aliniambia ile ugonjwa inaanzaka kwa miguu. Sasa iko hivyo. Vidole sizisikie muzuri. Nikifinya ambreyaje, sijui kama nimefika chini ao hapana. Nasimama, mguu unaachilia bila miye kujua, na moteri inazima."

Ambreyaje ni ile pedali ya kushoto, klachi. Hata mimi nisiyejua kuendesha naijua, maana madereva huilaumu kwa kila jambo. Nikamuuliza kwa nini basi asimwache Anastase atazame gari, walau kwa kuhakikisha.

"Na Anastase akifungua kapo ya moteri, akikuta gari iko muzima?" Akausugua ule mguu kwa kiganja. "Itabakia nini? Itabakia miye."

Mimi nikaishusha mikono kutoka kiunoni. Ni mara chache sana katika maisha yangu.

"Usimuambie Kasoki," akaniomba. "Baba yake walimukata mguu juu ya sukari. Akijua, hatalala tena. Nitauza gari, nitakaa, hatajua kitu."

Huruma iliyonishika pale sijui niielezeje. Huyu mtu alikuwa anaendesha na hofu yake peke yake tangu kiangazi kianze, na mimi nyuma yake nampigia kelele za kabichi. Nikamwahidi kwamba Kasoki hatasikia kwangu. Lakini juu ya Anastase hakunikataza neno.

Jumamosi mapema nilimleta Anastase mpaka kwenye uwanja wa nyumba ya Wenceslas. Nikamwambia muzee kwamba ni aibu kumpa mtu wa Butembo gari bila fundi kulijaribu kwanza. Watasema watu wa Goma ni matapeli. Hapo hakuweza kukataa. Tukabanana watatu kwenye kiti cha mbele, Anastase kwenye usukani, mimi katikati, Wenceslas mlangoni akiwa amekunja mikono kama anayepelekwa kwa hakimu.

Tukafika kwenye tuta la kwanza. Anastase akakanyaga breki, akakanyaga ambreyaje. Sauti ikashuka, bodi ikatetemeka, kimya.

Anastase akasonya. Wenceslas alikuwa ameinama mbele yangu, macho kwenye miguu ya fundi.

"Imezima?" akauliza polepole.

"Imezima, muzee."

"Mguu yako... ulifinya mpaka chini?"

"Nilifinya. Juu ya nini?"

"Washa tena. Simamisha tena."

Akawasha, akasimamisha, ikazima. "Tena," akasema Wenceslas, na sauti yake haikuwa imara. Mara ya tatu Anastase, akidhani mzee anamjaribu ufundi, aliitoa gia kabisa, akainua miguu yote miwili kutoka kwenye pedali kama mtu anayevuka maji. Moteri ikaguna kidogo, ikazima yenyewe, bila kuguswa na mguu wa mtu yeyote.

Wenceslas akaanza kucheka. Alicheka huku anapiga paja lake la kushoto, na machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu, na mimi niliyebanwa katikati nikalia naye. Anastase akatuangalia wote wawili.

"Gari inaharibika, na munafurahi?"

"Furahi na weye, Anastase!" nikamwambia. "Geuza, turudi, ufungue kapo."

Uwanjani alifungua. Alianza na ralanti, yaani ile sauti ya chini ya moteri inapongoja bila kwenda. Akakaza visi yake, ile skrubu ndogo, kidogo. Sauti ikapanda, kisha ikashuka tena. Akazima, akapitisha vidole kwenye mipira ya hewa kutafuta penye ufa, hakuona. Akafungua bujie moja, ile plagi ya kuwashia moto, akaiinua juani. Ilikuwa nyeusi tititi kwa masizi.

"Petroli inakunywa ya kutosha," akasema. "Hewa ndiyo haipate. Ni kama mutu anaifinya pua."

Akafungua vishikizo vya kifuniko cha filtre, lile chujio pale hewa inapoingilia, akainua. Akabaki amekishika mkononi. Sote tukasogea.

Filtre ilikuwa imevaa. Ilikuwa imevikwa kitenge, duara lililopigwa pindo na kutiwa mpira, mishono midogo iliyonyooka. Chini yake kilikuwapo kitenge kingine, na chini ya hicho kingine tena. Cha ndani kabisa nilikitambua: ni kile cha buluu tulichovaa sote kwenye harusi ya Luc. Cha juu kilikuwa kipya, lakini kimeshiba vumbi jeusi mpaka kimekuwa kigumu kama ngozi.

Kasoki alikuwa amesimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni. Hakuna aliyehitaji kumuuliza.

"Anastase," akasema, "si weye ulisema vumbi ndiyo ilikula moteri ya kwanza?"

Anastase akajikuna kichwa. "Nilisema, mama. Na filtre sijaifungua tangu siku ile."

"Basi! Nikasema hii ya pili haitaikula." Sauti ikaanza kumpungua. "Kila kiangazi naongeza moja. Yeye akilala siku ya Mungu nyuma ya kutoka misa, nafungua, navalisha. Sikumuambia juu angenicheka."

Nilimtazama Wenceslas nikingoja acheke. Hakucheka. Alikitwaa kile kitenge cha juu, akapitisha kidole gumba kwenye pindo lake, polepole, mpaka akalizunguka lote. Vumbi likamwagikia kiatuni mwake.

Anastase akaipiga filtre kwenye gurudumu mpaka ikatema vumbi lake, akairudisha uchi kama ilivyozaliwa, akasafisha bujie zote, akairekebisha visi. Akawasha. Tukangoja. Sauti ikashuka mpaka chini, ikakaa palepale, sawasawa, bila kutetemeka. Akaiacha ingurume.

"Sasa juu ya kitambaa tu," Kasoki akasema, "ndiyo ulitaka kuuza gari?"

Nikajifanya natazama ukuta. Wenceslas angeweza kusema ndiyo, na siri yake ingebaki mahali pake. Lakini alikuwa bado na kitenge mkononi.

"Nilizani iko mguu yangu," akasema.

Akamwambia yote, amesimama pale kando ya moteri. Nilitegemea Kasoki apige yowe. Hakupiga. Aliingia ndani, akarudi na viti viwili vya chini, akamkalisha kwenye kimoja na yeye akakaa kwenye kingine, akauchukua ule mguu wa kushoto, akavua kiatu, akavua soksi, akauweka kwenye mapaja yake. Akaanza kuubonyeza kwa vidole vyake vya mshonaji, kuanzia kisigino.

"Hapa?"

"Nasikia."

"Hapa?"

"Nasikia."

"Hapa?"

Alikuwa amefika kwenye vidole. Wenceslas alinyamaza. Kasoki akarudi nyuma kidogo, akaja tena taratibu zaidi.

"Na hapa?"

"Kidogo. Kama kitu iko mbali."

"Kesho kutwa, siku ya kwanza, tunaenda ku hopitali, sisi wawili," Kasoki akasema, hakuinua uso. "Na ukinificha kitu tena, Wenceslas..."

"Na weye? Miaka yote hii ulinificha vitenge ndani ya moteri!"

Hapo ndipo Kasoki alipocheka, akalia, yote pamoja, na mguu hakuuachia. Mnunuzi alipobisha hodi ndimi niliyekwenda kumwambia kwamba gari haliuzwi. Alisikia linavyonguruma, akataka kubishana, na nilimjibu kwa ile tabia yangu mnayoijua.

Hospitalini waliupima mguu kwa sindano na kwa uzi. Daktari alisema ganzi ipo, lakini iko mwanzoni. Aendeshe safari fupi za mchana, mguu ukaguliwe kila siku, na siku ukizidi kufa ganzi aache. Wenceslas alikubali. "Nikiacha, nitaacha juu ya mguu," aliniambia. "Haitakuwa juu ya woga." Kile kitenge cha juu Kasoki alikifua mara tatu, akakikata, akakishona kuwa kitandiko laini ndani ya kiatu cha kushoto ili kisimkwaruze. Wenceslas alinionyesha akiwa anajivuna. "Unaona? Amenivalisha na miye."

Tangu hapo siku za soko honi yangu inachelewa. Jua linakuwa limekwisha toka, wachuuzi wenzangu wamekwisha tangulia Kibumba, nami nimekaa kwenye ngazi yangu na magunia matupu. Najua kinachowachelewesha. Ng'ambo ya ukuta kipikapu kinanguruma kwa sauti ya chini, na juu ya mngurumo huo namsikia Kasoki: "Hapa? Hapa? Na hapa?" Na kila mara namsikia muzee anajibu. Siendi kugonga, wala sisemi neno. Kabichi zingoje.