Koki Kavu Iliyopigiwa Makofi

Jumamosi nilisimama kwa fundi wa kuchomelea hapa kwetu Itiryo, nikimtazama akimalizia jiko la kukaushia nyama kwa moshi. Ni pipa la chuma lililolazwa, lina bomba la moshi juu na koki ya kutolea mafuta chini. Akawasha moto bila nyama, ili kuunguza harufu ya oili iliyobaki pipani. Moshi haujasambaa vizuri, mtendaji wa kijiji akatokea na mgambo wawili.

“Pipa, bomba, koki! Mnapika pombe ya gongo mchana kweupe?”

“Ni jiko la nyama, mheshimiwa,” fundi akajibu.

“Nyama iko wapi?”

“Leo hakuna. Leo tunachoma jiko lenyewe.”

Hata mimi niliyejua ukweli niliona jibu hilo linatupeleka mahabusu.

Mtendaji akachuchumaa, akakinga kiganja, akafungua koki. Halikudondoka hata tone. Akanusa kiganja, akakipangusa kwenye suruali.

“Kavu,” akasema.

Fundi akakaa chini kama aliyetuliwa gunia kichwani, na watu waliokusanyika wakapiga makofi.

Kijijini kwetu koki za maji zilizokauka nimeziona nyingi. Hii ndiyo ya kwanza kushangiliwa.