Nilimnyooshea Mama Mkwe Kidole Mlangoni mwa Bandari

Kosa ni langu, wala sitaki kumsingizia shetani. Ila nisikilizeni kwanza kabla hamjanicheka.

Mimi ni Mkongomani, kazi yangu kuosha mashua za matanga hapa Durban. Bosi alinifundisha kuziendesha, akawa ananiazima moja Jumapili. Basi mama mkwe akaja kutoka Bukavu kuona kama binti yake yuko katika mikono salama. Nikampakia yeye, mke wangu na watoto wetu wawili, nimwonyeshe mkwe wake ni mtu wa maana.

Mlango wa bandari yetu ni mwembamba na meli hazikomi. Niliomba ruhusa kwa redio, nikapewa, nikakaa pembeni inavyotakiwa. Ndipo ikaingia meli ya kubeba magari. Tulikuwa salama, naapa. Lakini mama mkwe hajawahi kuona chuma kikubwa hivyo kikimjia.

Akasimama. “Yesu, tosha hii bateau mbele yetu!” Yaani aiondoe meli. Akainua mikono yote miwili, akaishusha, akaiinua tena, kama tunavyofanya kanisani.

Sasa, baharini kupandisha na kushusha mikono hivyo ni ishara ya kuomba kuokolewa. Nilijua. Bosi alinifundisha siku ya kwanza. Lakini nani anamkatiza mama mkwe katika maombi? Nikasema moyoni atachoka. Hakuchoka. Mke wangu naye akainuka kumsaidia.

Meli ikapiga honi. Boti ya uokoaji ikaja mbio, na mwenye boti, kwa hasira na kwa Kiingereza, akauliza nani ameomba msaada.

Jamani, nikamnyooshea kidole mama mkwe.

Yeye Kiingereza hajui. Akadhani namtambulisha kwa wageni, akawapungia. “Mungu awabariki, mumefika mbio.”

Jioni mke wangu akamtafsiria yote. Mama mkwe akaweka sahani chini. “Mimi nilikuwa naombea weye,” akasema. “Na weye ukanitoa kama mwizi kwa polisi.”

Bosi alichukua funguo zake, sasa naosha tu. Hilo navumilia. Kinachoniuma ni kwamba mama mkwe karudi Bukavu, na kila akipiga simu anawasalimia watoto mmoja mmoja, halafu anamuuliza binti yake, “Na Bwana Kidole, iko?”

Ndugu zangu wenye wakwe, mkiulizwa nani kasababisha, jitajeni haraka, hata kama si ninyi. Mimi ndiye niliyesababisha, na bado kidole kikaenda kwingine.