Sauti Yangu, Akaunti ya Kelvin

Wasee, leo mdomo wangu umeniponza.

Mnajua mimi huandikia watu makala mtandaoni kwa akaunti ya binamu yangu Kelvin. Yangu ilikataliwa, ndio akanikodishia yake, ingawa tovuti ya kazi hairuhusu. Jina lake, picha yake, ndevu zake.

Asubuhi mteja amekataa makala yangu ya ufugaji wa kuku. Ati haijafika kiwango.

Saa sita naipata kwa blogu yake. Neno kwa neno! Hata yule kuku wa jicho moja wa mama, wa hapa mtaani Jericho, yumo.

Manze, nikawaka. Nikamtumia ujumbe wa sauti, dakika mbili nzima. Nikamwita mwizi, nikamwambia namripoti kwa wenye tovuti.

Nikajua nimemweza.

Kisha akaandika: "Kelvin, sikujua wewe ni mwanamke."

Nikiwa bado naisoma, akaongeza:

"Ukiniripoti, nawapelekea hii sauti wafunge akaunti. Ama uniandikie makala nyingine mbili, bure."

Kelvin amenipigia sasa hivi. "Siz, kazi inaendaje?"

Nikamwambia iko sawa. (Hii posti nimemfichia.)

Mngekuwa mimi mngefanya nini? Jibuni haraka, ya kwanza nimeshaimaliza.