Gari Lisilo na Injini Lilinguruma kwa Sauti ya V8 Yangu

Gari lile halikuwa na injini. Walifungua boneti mbele yetu, tukachungulia wote. Ndani kulikuwa na kisanduku cha mizigo kilichotandikwa zulia.

Halafu likanguruma.

Na ule mngurumo, ndugu zangu, niliujua. Ilikuwa sauti ya V8, injini ya silinda nane, niliyoijenga kwa mikono yangu hii.

Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Wendell Pruitt. Nilikuwa fundi kwenye kiwanda cha injini nje kidogo ya Detroit. Tulikuwa tunajenga V8 za magari ya kifahari, yale marefu ya wenye nazo. Kwetu injini haipiti mikono kumi. Mtu mmoja anaianza na kuimaliza, kisha anaigongea kibati chenye jina lake.

Kuna tajiri huko Texas anafungua boneti yake anasoma "Pruitt". Ukishaonja raha hiyo, kichwa hakirudi tena saizi yake.

Sasa majira ya baridi yale likaja tangazo. Kampuni inahamia magari ya umeme. Kiwanda cha betri kinafunguliwa Ohio, na anayetaka kuhamia asaini ofisi ya chama cha wafanyakazi kabla Ijumaa haijaisha.

Ukihama kwa wakati, unahama na ukongwe wako kazini. Ukichelewa, unapanga foleni nyuma ya watoto wa juzi. Na kwetu ukongwe ndio kila kitu. Ndio unaoamua nani apate zamu ya mchana na nani apunguzwe kwanza.

Ila wakubwa nao walikuwa hawaeleweki. Leo V8 imekufa. Kesho imefufuka. Keshokutwa serikali imegeuza sheria, wote wanaanza upya. Ukiwasikiliza unaweza kupata wazimu.

Mke wangu Yolanda hakutaka mjadala.

"Nenda kasaini, Wendell. Mama yangu yuko Toledo, hukohuko Ohio, watoto watakaa karibu na bibi yao. Unangoja nini?"

"Naangalia upepo, mpenzi."

"Upepo haulipi mkopo wa nyumba."

Nikavaa koti nikaenda kazini.

Jumatano tukiwa tunacheza karata wakati wa mapumziko, meneja wetu, Bi Halvorsen, akaniita pembeni. Akaniambia natolewa kwenye laini ya uzalishaji. Napewa chumba changu, mlango unafungwa, nijenge V8 moja tu. Nisiharakishe.

Hapo inabidi uelewe desturi ya kiwanda chetu. Tangu enzi za baba zetu, fundi akitolewa kwenye laini akapewa chumba, maana yake ni moja: injini mpya inakuja, na yeye ndiye anajenga ya kwanza. Haijawahi kuwa na maana nyingine.

Habari ikaenea kiwanda kizima. Watu wakaanza kugonga spana juu ya meza, kelele mpaka darini. V8 imepona!

Jirani yangu wa meza ya kazi, mzee Stan Gorski, akainama kama yuko mbele ya mfalme.

"Haya mheshimiwa, utukumbuke ukiingia kwenye ufalme wako."

"Nitakupa cheo cha kufagia, mzee."

Akacheka. Kisha akasogea karibu. "Lakini mwanangu, wamekuambia kwa mdomo wao kwamba ni injini mpya?"

"Mzee Stan, tangu lini wakampa mtu chumba kwa jambo lingine?"

Akakuna kidevu. "Hilo kweli. Ila mimi nimeshasaini. Magoti haya hayawezi kuanza nyuma ya foleni."

Nikamwonea huruma. Mimi! Nikamwonea huruma yeye!

Nikaingia chumbani. Vifaa vilivyokuwa mezani ni vilevile vya siku zote, hakuna hata bolti moja mpya. Kijana mmoja wa makao makuu alikuwa anapita kunitazama.

"Isigonge hata kidogo, kaka," aliniambia. "Tunataka isikike safi kabisa."

Nikavimba kichwa zaidi. Niliijenga ile injini kwa mapenzi, wallahi. Kila pistoni niliipapasa kama mtoto wangu.

Ijumaa mchana, injini ikiwa imekamilika, Yolanda akapiga simu; habari ya chumba nilikuwa nimemficha, nimshtue ikishaisha.

"Umesaini?"

"Yolanda, wamenipa chumba."

Yeye ni binti wa kiwanda, baba yake alistaafia hapohapo. Anajua chumba ni nini.

"Chumba? Wendell, kweli chumba?"

"Kweli kabisa."

Akalia kwa furaha. Jioni nikakuta amechoma mbavu, na ameshampigia mama yake kumwambia hatuhami tena.

Jumatatu tukaitwa ukumbini. Pazia likavutwa, na mbele yetu gari refu jeusi la umeme. Nimeshawaambia kilichokuwa chini ya boneti.

Bi Halvorsen akabonyeza kitufe, spika za gari zikanguruma.

"Wateja wetu wanataka umeme," akasema, "lakini hawataki kuusahau mngurumo. Kwa hiyo tumeurekodi, kutoka kwenye injini bora tuliyowahi kujenga. Wendell, simama wakuone!"

Nikasimama. Makofi yakaanza, yakapungua, yakafa moja moja kadiri watu walivyoelewa. Mzee Stan hakupiga hata moja. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikamfuata meneja jukwaani.

"Mama, mkitaka nyingine mtaniita?"

"Nyingine ya nini, Wendell? Tukishakuwa na sauti, inatutosha."

Alisema huku anatabasamu. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Nilikimbia mpaka ofisi ya chama. Katibu akanitazama tu.

"Kaka, ilikuwa Ijumaa."

Kiwanda kilifungwa kabla ya kiangazi. Ohio niliomba, sijaitwa hadi leo. Sasa napanga makopo ya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na Yolanda anafanya zamu mbili. Hajawahi kunilaumu. Angenilaumu, ningepumua.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi walinisifu, na sikutia hata tone. Nilijenga injini bora kuliko zote za maisha yangu, na ndiyo iliyonitoa kazini.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa: bosi akikusifia mikono yako, mshukuru. Halafu, kabla hujashika spana, muulize anachokijenga.